Paa aliyekataa kusimama

4 Aprili

Mvua ya masika leo siku ya tatu hainyamazi. Binti wa kaka yangu, mwenye miaka sita, amemwaga mfuko wake wa wanyama wa plastiki sakafuni na tumewahesabu pamoja: chui milia wawili, dubu, pengwini, kangaruu asiye na mkia, na dinosaria wa kijani. Akaniuliza, "Shangazi, hawa wanaishi wapi?" Nikamtajia: India, kwenye misitu ya baridi, kusini kabisa kwenye barafu, Australia, na huyu wa mwisho hayupo tena. Akatulia kidogo. "Na wa kwetu?"

Nikajitia kitanzi mwenyewe. Nimemwahidi kumfinyangia wanyama sita wa Unguja na Pemba, mmoja kwa kila mwaka wake: kobe wa kisiwa cha Changuu, paa nunga, kima punju, komba, kaa wa nazi wa kisiwa cha Chumbe, na popo wa Pemba. Mama yangu, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akauliza mbona chui hamo. Nikajifanya sikusikia.

Masharti niliyojiwekea: kila mnyama aenee kiganjani mwa mtoto, yaani sentimita sita hadi nane. Tanuri sina, kwa hiyo ni ule udongo unaokauka wenyewe kwa hewa. Nafundisha hesabu skuli, ufinyanzi sijawahi. Naandika hapa kila hatua ili nikikosea nijue nilikosea wapi.

6 Aprili

Nimenunua pakiti ya nusu kilo mjini, udongo mweupe, laini, unaonuka kama karatasi iliyolowa. Bei yake imenifanya niukate kwa kisu kama samli.

Nimeanza na kobe kwa sababu nilimwona ndiye rahisi. Tumbo nimelitengeneza kwa foili ya jikoni iliyofinywa, halafu nikalivika udongo. Sababu ni kwamba udongo huu hukauka kutoka nje kwenda ndani. Donge likiwa nene, ngozi ya juu inakuwa imeshakaza na kusinyaa wakati moyo wake bado uji, na kinachofuata ni ufa. Foili inajaza nafasi, udongo unabaki ganda la milimita nne au tano kila upande.

Gamba la kobe wa Changuu lina mpangilio wake: mabamba makubwa kumi na matatu, matano katikati ya mgongo na manne kila ubavu, na madogo kuzunguka ukingo. Nimeyachora kwa mgongo wa sindano ya kushonea. Hawa kobe asili yao si hapa, waliletwa wanne kutoka Shelisheli mwaka 1919, lakini zaidi ya miaka mia kisiwani inatosha kumpa mtu uenyeji. Miguu yake ni vigogo vinne vifupi, nikavibandika kwa udongo uliozimuliwa kwa maji ukawa kama uji mzito. Vifaa: kijiko cha chai, kijiti cha meno, kifuniko cha kalamu, kibao cha chapati. Mama amekiomba kibao kirudi jikoni kikiwa safi.

9 Aprili

Kobe kapasuka mgongoni, ufa mmoja kutoka shingo hadi mkia, kama embe lililoiva kupita kiasi.

Makosa mawili. Kwanza niliifinya foili mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Udongo unaposinyaa unalibana tumbo, na tumbo lisipokubali kubonyea, udongo ndio unaoachia. Pili nilikuwa nalainisha kwa kidole kilicholowa, kila mara maji, kila mara maji, mpaka ngozi ya juu ikawa tope. Maji yale yote lazima yatoke, na kila tone linaloondoka linaacha nafasi.

Nimempima: alikuwa milimita 62, sasa 59. Nimechukua makombo ya udongo, nikayachanganya na gundi nyeupe ya mbao, nikauziba ufa kwa kijiti. Kesho nitampiga msasa. Mpwa wa watu kaambiwa kobe yuko hospitali.

12 Aprili

Paa nunga. Huyu ndiye niliyemtaka tangu mwanzo. Nimewahi kumwona mara moja tu, magharibi inaingia, pembeni mwa msitu: kitu chekundu kama matofali, kidogo, mgongo umeinuka kwa nyuma, na mkanda mweupe makalioni uliobaki machoni mwangu baada ya mwenyewe kutoweka. Begani hafiki sentimita 35. Miguu yake ina madoadoa meupe, na ni myembamba kiasi kwamba unajiuliza inabebaje tumbo.

Basi nikamfinyanga tumbo, shingo, kichwa chenye kile kishungi chekundu, masikio. Vyote vikakubali. Miguu nikasokota minne kama tambi, ndani nikatia vijiti vya meno, nikakwaruza sehemu za kuungia, nikapaka ule uji, nikabandika. Nikamwegemeza kwenye vikombe viwili vya kahawa asianguke, nikaenda kuswali isha.

Niliporudi alikuwa amepiga magoti mbele ya vikombe. Nikamwinua. Akapiga magoti tena.

14 Aprili

Miguu miwili imekatika pale pale kwenye maungio. Kijiti cha meno hakisinyai, udongo unasinyaa, na penye ugomvi wao ndipo penye ufa. Niliwahi kuliona hili kwenye kobe wala sikujifunza.

20 Aprili

Mambo mapya: koga. Nimewakuta kobe na kipande cha paa wana manyoya ya kijani tumboni. Wiki nzima jua halijatoka, nguo zenyewe kambani zinanuka, na mimi niliwafunika kwa kawa ili wakauke polepole wasipasuke. Ushauri wa kukausha polepole ni mzuri kwa mtu mwenye hewa kavu. Hewa yetu ya Aprili unaweza kuikamua.

Nimewafuta kwa siki na pamba, nikawahamishia juu ya chekecheo la unga, lililotundikwa kati ya viti viwili ili hewa ipite na chini. Nawageuza asubuhi na jioni. Kaka yangu kaona nateseka akamwelekezea kobe pangaboi. Kusudi lake lilikuwa zuri. Mguu wa upande wa upepo ulikauka kwanza, ukajikunja kuelekea juu, sasa kobe anaonekana kama anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Nimemwacha hivyo hivyo.

27 Aprili

Pakiti imekwisha, nami bado niko na mnyama mmoja na nusu. Nimeamua kupika udongo wangu.

Kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya mbao, kikombe kimoja cha kornfulawa, vijiko viwili vya mafuta ya watoto, vijiko viwili vya siki. Sufuria iwe ya kutupwa, isirudi kwenye chakula tena. Unakoroga vikiwa baridi mpaka mabuje yaishe, halafu moto mdogo, na mwiko usisimame. Mtu aliyewahi kumsaidia fundi wa halua atajua mara moja inapokwenda: kwanza maziwa, halafu uji, halafu inaanza kuvuta, inaachana na kingo za sufuria na kujikusanya kwenye mwiko. Hapo epua. Ukichelewa dakika moja inakuwa mpira. Mimi sufuria ya kwanza nilichelewa.

Ya pili nilimwaga kibaoni, nikapaka mikono mafuta, nikakanda ingali moto mpaka ikawa laini kama ndewe ya sikio. Nimeifunga kwenye plastiki isiingie hewa, ilale mpaka kesho.

Na koga? Hapa nimejivunia. Nimetia matone kumi ya mafuta ya karafuu wakati wa kukanda. Karafuu na koga havipatani, na kisiwani kwetu hakuna kitu rahisi kupatikana kama hicho. Nyumba nzima inanuka kama kiti cha daktari wa meno. Mama kasema angalau inamkumbusha Pemba wakati wa mavuno, karafuu zilivyokuwa zinaanikwa hadi barabarani.

Siku mbili baadaye: unga huu wa gundi unasinyaa kuliko ule wa dukani. Kidonge cha milimita 30 kimekuwa 26. Tena ukikauka unageuka wa kioo kidogo, mwanga unapenya kwenye ncha, kwa hiyo lazima utiwe rangi nyeupe tangu unapokandwa. Lakini ni mgumu, hauchubuki ovyo, na ukiwa mwembamba unapinda kidogo kabla ya kuvunjika. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka kwa miguu.

4 Mei

Kaa wa nazi. Nimemchagua leo nipumzike na paa, kumbe nimetoka miguu minne nimekwenda kumi.

Kumi kwa hesabu ya kitabuni. Ukimtazama unaona jozi nne: magando mbele, halafu jozi tatu za kutembelea. Ile ya tano ni midogo, anaificha ndani ya gamba na kusafishia mashavu yake ya kupumulia. Namshukuru kwa hilo. Nimefanya minane, miwili ameificha mwenyewe.

Mifupa ya miguu nimefanya kwa waya wa kufungia nondo, niliouokota kwenye ujenzi wa jirani. Nimeupinda, nikauvika unga, kila kiungo nikakibonyeza kwa kucha. Huyu mnyama kwa kweli anafika kilo nne, hutoka usiku, na gando lake linafungua nazi. Gando la kushoto ni kubwa kuliko la kulia, nimekumbuka nikiwa nimeshafanya sawa, nikalazimika kulikata.

Kasimama! Kwa mara ya kwanza kitu changu kinasimama kwa miguu yake. Sina la kujisifu sana, maana mwenye miguu minane iliyotandazwa hata ukimsukuma haanguki.

7 Mei

Waya umepata kutu ndani ya unga mbichi. Kaa ana mistari ya kahawia kila mguu, imetokeza nje kama mishipa. Nilikuwa karibu kumtupa, halafu nikamweka dirishani nikamtazama. Ninavyojua kaa hawa huwa na rangi kati ya bluu iliyoiva na hudhurungi yenye wekundu. Kutu imenifanyia nusu ya kazi ya rangi. Lakini wanaofuata watapata waya wa shaba, nimechuna kipande cha waya wa umeme wa zamani.

11 Mei

Paa wa pili. Unga wa gundi, waya wa shaba miguuni, kila kitu kama kaa. Alisimama saa tatu nzima. Halafu unga ulipoanza kusinyaa, tumbo likavuta miguu ya mbele kwa ndani, magoti yakagusana, akawa kama mtoto anayejizuia mkojo. Asubuhi alikuwa ubavuni.

Nimejaribu kumnyoosha, shingo ikabaki mkononi.

18 Mei

Kima punju, na nimekumbuka jambo ambalo kila anayepita barabara ya msitu wa Jozani analijua: kima hashindi amesimama. Anakaa. Anakaa juu ya tawi mikono magotini kama mzee barazani, mkia unaning'inia. Matuta ya barabarani pale yaliwekwa kwa ajili yao, magari yalikuwa yakiwamaliza, na mara nyingi gari likipunguza mwendo unamwona mmoja amekaa anakutazama kana kwamba wewe ndiye wa maonyesho.

Nikamkalisha. Donge moja la umbo la peasi, makalio mapana chini, miguu imekunjwa na kubanwa na tumbo. Hakuna kinachobeba kitu. Mgongo utakuwa mwekundu wa kutu, mabega na mikono mieusi, uso mweusi umezungukwa na nywele nyeupe zilizosimama kama za mtu aliyeamshwa ghafla. Nywele nimezichambua kwa ncha ya sindano, saa nzima na nusu.

Mikono nimeifanya mara mbili. Mara ya kwanza nikampa vidole vitano, halafu nikafungua picha kuhakikisha: mbega na jamaa zake, kima punju wakiwemo, hawana dole gumba la maana, limebaki kinundu tu. Vidole vinne virefu kama ndoana. Nikavikata.

Wanakula majani ya mikungu na miembe, ambayo yana sumu ya kuwasumbua tumbo, na wanafuatisha na mkaa, wanaouokota kwenye matanuru na hata majikoni mwa watu. Kwa hiyo nimevunja chembe ya mkaa halisi kutoka jikoni kwetu nikamwekea kwenye vidole vyake vinne kabla unga haujakaza. Binti kaitazama muda mrefu. Kisha kaenda jikoni, karudi na midomo myeusi.

Tumemwosha. Nimepewa maneno yangu na mama yake.

25 Mei

Leo paa wa tatu, maiti yake ilikuwa barazani juu ya gazeti nilipokuwa namtengeneza upya, akapita mlinzi wa nyumba ya jirani. Ni mzee wa Kisukuma, yuko Unguja miaka mingi, lakini Kiswahili chake bado kina Shinyanga ndani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akasimama. Akamtazama paa, akatazama miguu iliyopangwa pembeni yake kama vijiti vya mishikaki.

"Mama mwalimu, hiyo unafanya nini?"

"Paa, mzee wangu. Hasimami."

Akaomba kipande. Nikampa cha ukubwa wa ndimu. Hakuketi hata. Akakizungusha viganjani kikawa kama yai refu, halafu akakibana kwa vidole kutoka chini, hapa akavuta, pale akavuta, kama mtu anayekamua ziwa la ng'ombe, na miguu minne ikatoka kwenye tumbo lenyewe. Minene juu, inachongoka chini. Upande wa mbele akavuta kichwa, akavuta nundu, akabana pembe mbili zikaenda nje na juu. Sidhani kama dakika tatu zilifika. Akaliweka kwenye gazeti. Fahali. Likasimama kama lililozaliwa hapo.

"Mguu hauungwi," akasema. "Mguu unatolewa."

Kumbe walipokuwa wadogo, wakichunga kando ya lambo, walifinyanga zizi zima kwa tope la ukingoni: fahali, majike, ndama, na mbwa. Waliwaanika juani, wakachezea, wakawapiganisha, mvua ya kwanza ikawarudisha topeni, na mwaka unaofuata wakaanza upya. Hawakuwa na waya wala gundi. Nikamuuliza mbona miguu ya ng'ombe wake minene hivyo na ng'ombe wa kweli si hivyo. Akacheka. Kasema ukiifanya myembamba utakuwa na ng'ombe mzuri mpaka jioni.

Nimelitafakari hili usiku kwa macho ya hesabu. Nilipokuwa naunga, nilikuwa na vipande viwili vyenye unyevu tofauti, vinavyosinyaa kwa mwendo tofauti, vimeshikana kwa uji ambao nao ni maji zaidi. Yeye ana kitu kimoja. Kikisinyaa, kinasinyaa chote kuelekea kwake chenyewe. Tena mguu unaoanza mnene na kuishia mwembamba unakauka kutoka kwenye kwato kwenda juu, kwa mpangilio, wala hakuna mahali pa ghafla. Wiki saba nilikuwa navunja miguu kwa kuiheshimu mno.

Fahali limebaki kwetu. Si la Unguja, lakini binti kasema na yeye ni mgeni kama kobe.

1 Juni

Kusi imeanza kupiga sawasawa. Asubuhi ngozi ya mikono imekakamaa, na kidonge kilichokuwa kinachukua siku tano kimekauka kwa mbili. Kawa imerudi kazini, sasa ndiyo nahitaji kupunguza mwendo.

Popo wa Pemba leo, na kwa furaha kubwa: hahitaji kusimama. Anatundikwa. Nilimwona Kidike, kijiji wanakowalinda, mamia kwa mamia juu ya miti mchana kweupe, wakipigiana kelele kama abiria wa daladala iliyojaa. Nilikusudia kumfungulia mbawa, nikasukuma unga mwembamba kama chapati ya maji, ukakauka ukajikunja kama jani la mkungu. Nikamfunga basi. Mbawa zimemzunguka kifuani kama mwanamke aliyejitanda kanga mbili, uso wa mbwa mdogo umechungulia juu (au chini, kwake). Miguu ni ndoana mbili za shaba kwenye kijiti cha mkarafuu. Siku moja tu, bila ufa hata mmoja.

9 Juni

Paa wa nne, kwa mtindo wa mzee. Donge moja, miguu imevutwa. Amesimama! Amekauka amesimama, siku tatu, hakuna ufa.

Binti kamchukua kiganjani, kamgeuza. "Shangazi, huyu mbuzi?"

Ni kweli. Miguu ile minene imemwondolea upaa wote. Nikajaribu kumchonga kwa kisu na msasa akiwa nusu mkavu, kiasi cha jibini, nikipunguza unene kidogo kidogo. Miguu mitatu ikakubali. Wa nne ulisikika.

15 Juni

Komba. Macho makubwa ni shanga mbili nyeusi za mama, zilizozamishwa unga ungali mbichi, na kope zimevutwa juu yake. Mkia wa shaba. Ameshika tawi kwa mikono na miguu yote, kwa hiyo tawi ndilo linalosimama. Binti aliambiwa na kaka yangu kwamba komba hupenda kuiba tembo la mnazi huko juu mitini. Akauliza komba ataiba vipi ndovu mzima, na alasiri nzima tulikuwa tunamweleza kuwa hilo ni tembo jingine.

22 Juni

Rangi. Kila mnyama amekaa wiki nzima kwanza, maana ukipaka rangi juu ya unyevu unaufungia ndani na koga inarudi kwa siri. Jinsi ya kujua: mguse shavuni. Akiwa baridi kuliko meza, bado ana maji.

Rangi ni za akriliki, kwanza mkono mmoja mwepesi wa nyeupe, halafu nyingine. Kobe nimempaka kijivu nikakifuta mara kikiwa kibichi, rangi ikabaki kwenye mifereji ya gamba tu, akazeeka miaka mia kwa pigo moja la kitambaa. Kaa sikumgusa sana. Vanishi mikono miwili kila mmoja, tumboni na kwenye nyayo pia, kwani udongo huu ukilowa unarudi kuwa udongo, na mwenye mali ana tabia ya kuogesha wanasesere wake.

29 Juni

Jana alasiri nilikuwa barazani, mbuzi wa jirani amejilaza kivulini, akicheua. Nimewaona mbuzi wamelala maisha yangu yote. Jana niliitazama miguu: ya mbele imekunjwa kwenye goti, kwato zimeingia chini ya kifua, ya nyuma imelala pembeni mwa tumbo, goti tu ndilo linaloonekana, kama mpini wa kikombe. Ukiihesabu unaona kona nne, wala huoni mguu hata mmoja.

Nikaingia ndani nikachukua donge. Sikuunga kitu. Nilivuta shingo ikaenda juu na kugeuka nyuma kidogo, kama aliyesikia kitu. Miguu nikaivuta mifupi na myembamba kadiri ya roho yangu, kisha nikaikunja ikalala tumboni, ikashika yenyewe. Mgongo wa nyuma nikauinua. Kishungi. Masikio. Halafu nikampindua, nikachota tumbo lake kwa kijiko cha chai mpaka likabaki ganda, lisije likapasuka kwa unene. Ilikuwa kazi ya saa moja na robo, baada ya karibu miezi mitatu.

Hatujui kama atapasuka, leo ni siku ya kwanza, yuko chini ya kawa. Lakini binti kainua kawa, kachungulia, na safari hii hakuuliza kama ni mbuzi. Kaishusha taratibu akaondoka kwa ncha za vidole.

Mama ameuliza tena kuhusu chui. Nikamwambia chui wa Unguja haonekani siku hizi. Akasema haonekani kwa sababu ana wenyewe, wachawi, chui wa kufugwa hajitokezi mwenyewe, hutumwa, na mtu mwenye akili hamwiti nyumbani hata wa udongo. Kisha, baada ya kumaliza kikombe chake, akasema kama nitamfanya basi nisimfanye amelala kama huyo paa, maana chui halali, anavizia.

Bado nina unga wa ndimu mbili kwenye plastiki. Anayevizia tumbo liko chini, miguu yote minne imekunjwa ubavuni. Hilo naliweza.